Maadili ya Kuwinda Wanyama Wakubwa kwa Risasi za Masafa Marefu

Uwindaji wa masafa marefu ni kumpiga risasi mnyama aliye mbali kiasi cha kutoweza kumwona, kumsikia wala kumnusa mwindaji. Nchini Marekani, suala hili limezua mjadala miongoni mwa wawindaji wenyewe. Watetezi wake hudai kuwa darubini za kisasa, vipima umbali vya leza na mazoezi ya kutosha humwezesha mlengaji stadi kuua papo hapo. Kinyume chake, Boone and Crockett Club, chama kilichoasisiwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, hushikilia kanuni ya uwindaji wa haki, yaani mnyama abaki na nafasi halisi ya kuhisi hatari na kutoroka. Chama hicho hakijaweka kikomo cha mita. Hutazama zaidi nia ya mwindaji.

Hoja ya ustadi ina udhaifu mmoja mkubwa. Katika umbali wa mita 900, risasi huchukua zaidi ya sekunde moja kufika. Katika muda huo mnyama anaweza kupiga hatua, na risasi iliyolengwa moyoni ikampata tumboni. Ustadi wowote hauwezi kuzuia hatua hiyo. Aidha, mwindaji aliye ng'ambo ya bonde huchelewa kufika alipopigwa mnyama, hivyo majeruhi huweza kupotea na kufa kwa mateso.

Kwa hiyo, kulenga vyema ubao wa mazoezi hakutoshi kuhalalisha tendo hili kimaadili, kwani ubao hausogei wala hauumii.