Saa ya dereva wa treni haikuwa pambo

MSAFIRI wa Njombe mjini anayetaka kupanda treni hana budi kwanza kusafiri kwa barabara takriban kilometa 60 hadi Makambako, kwa kuwa reli ya TAZARA haifiki Njombe. Afikapo stesheni, huuliza: treni itaingia saa ngapi? Kwa abiria, jibu la swali hilo ni suala la subira. Kwa dereva wa treni, ni suala la uhai.

Reli hiyo ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, ni ya njia moja. Treni zinazotoka pande mbili hupishana stesheni tu, ambako moja huingia njia ya pembeni na kuisubiri mwenzake.

Hadi TAZARA inajengwa, saa za mkononi zilikuwa zimekwisha kuenea. Lakini miongo mingi kabla yake, hasa Marekani, usalama wa kupishana ulitegemea ratiba, amri za maandishi na saa ya mfukoni yenye mkufu.

Aprili 1891, treni mbili ziligongana Kipton, katika jimbo la Ohio, na watu kadhaa wakafa. Ilielezwa kwamba saa ya dereva mmoja ilisimama kwa takriban dakika nne, kisha ikaendelea kutembea bila mwenyewe kutambua. Webb C. Ball, muuza saa wa mji wa Cleveland, akapewa jukumu la kusimamia ukaguzi wa saa za wafanyakazi wa reli.

Masharti yaliyofuata yalikuwa makali. Saa haikutakiwa kukosea zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Tarakimu zake zilipaswa kuwa nyeusi na kusomeka wazi. Ili kuirekebisha, ilibidi kufungua kioo na kuvuta kijiti kidogo, ili mtu asije akaisogeza mishale kwa bahati mbaya wakati wa kuitia ufunguo.

Hata hivyo, usahihi wa saa moja hautoshi. Lazima saa zote zikubaliane. Jua hufika utosini Dar es Salaam takriban dakika 18 kabla ya kufika utosini Makambako, iliyo magharibi zaidi. Kama kila mji ungefuata jua lake, kama ilivyokuwa Uingereza kabla ya kampuni za reli kuanza kutumia saa ya London kuanzia mwaka 1840, madereva wawili wangeweza kuwa na saa nzima zisizolingana, na kila mmoja akaamini kuwa njia ni yake.

Abiria wa Makambako naye ana hesabu zake. Ratiba ikiandika 18:00, yeye husema saa 12 jioni. Akivuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia, hurudisha mishale nyuma kwa saa moja nzima.

Siku hizi simu ya kiganjani imechukua nafasi ya mkufu. Hata hivyo, katika reli ya njia moja, anayesubiri na anayekuja bado wanapaswa kuhesabu dakika zile zile.