Kushirikishwa, Kuridhia na Kushauriana

Wafasiri wa vijitabu vya afya huuliza mara kwa mara ni istilahi ipi itumike kueleza dhana ya mgonjwa wa kisukari kuamua pamoja na mganga wake namna atakavyotibiwa. Maneno yanayotumika sana ni "kushirikishwa" na "kutoa ridhaa". Kwa maoni yangu yote mawili yana kasoro, na kasoro yenyewe si ya sarufi peke yake.

Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Tukisema "kushirikishwa", mtendaji anakuwa mtu mwingine, na mgonjwa anashirikishwa kama vile anavyopimwa na anavyoandikiwa dawa. Tamko la Alma-Ata la mwaka 1978 lilihesabu kushiriki katika mipango ya afya kuwa haki ya watu na wajibu wao. Halikusema washirikishwe wengine wapendapo.

Ridhaa nayo inafaa kwa upasuaji, ambapo mtu hukubali au hukataa mara moja. Kisukari hakiamuliwi mara moja. Anayetumia insulini hupiga hesabu kila siku: amekula nini, atafanya kazi gani, sukari yake imefika wapi. Tuchukue mfano wa mkulima mzee wa Kibondo. Msimu wa kilimo huenda shambani alfajiri akiwa hajala, na ugali wake wa muhogo na maharage huupata alasiri. Akijidunga asubuhi kiasi kilekile alichoandikiwa, sukari yaweza kushuka hata akatetemeka, akatokwa na jasho na kuzirai mbali na watu. Akiacha kujidunga kimyakimya, sukari itapanda, nayo ni hatari vilevile. Basi humwendea muuguzi:

"Mwanangu, sindano hii ya asubuhi naiogopa siku za kulima."

"Mzee, masharti umekwisha kupewa. Ukiyavunja, shauri lako."

Hapa yafaa tusimame kidogo. "Masharti" ni neno la waganga wa aina zote mbili. Serikali yetu ina Mganga Mkuu wa Wilaya, na kijijini yupo mganga wa kienyeji. Warundi waliofika kambi ya Nduta, Kibondo, mwaka 2015 humwita daktari "umuganga". Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, humwita "munganga". Kwa wengi wao, kama kwa Waha wenyeji, sharti la mganga halijadiliwi. Hushikwa au huvunjwa, na anayelivunja ndiye mwenye hatia. Kisha lile "shauri lako"! Neno ambalo asili yake ni mazungumzo linatumiwa kuyafunga mazungumzo.

Kwa hiyo napendekeza "uamuzi wa mashauriano". Kiambishi -an- kinadai watu wawili, na hakuna awezaye kushauriana peke yake. Najua watumishi wa ofisini wamezoea "uamuzi shirikishi", nami sina ugomvi nao katika mikutano ya kijiji. Lakini kliniki muuguzi anahitaji maneno atakayoweza kuyatamka: "Mzee, siku za kulima unakula saa ngapi? Tushauriane na daktari kuhusu sindano ya asubuhi."

Huenda mtu akahofu kwamba istilahi hii inamruhusu mgonjwa kuacha dawa. Sivyo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini, na mganga analazimika kusema hivyo waziwazi katika mashauriano hayohayo. Linalojadiliwa ni kiasi, saa, chakula, na mahali pa kuitunza dawa katika nyumba isiyo na friji. Wako wanaotumia chungu cha udongo chenye maji.

Limebaki neno "ufuasi", lililoenea kutokana na huduma za UKIMWI. Libaki, ila mfasiri aeleze kinachofuatwa: makubaliano. Vilevile "masharti ya chakula" yaandikwe "mpango wa chakula", na mahali penye "mgonjwa ataelekezwa" paandikwe, kila inapowezekana, "mgonjwa na mganga watapanga".