Vyombo vya Mwanafunzi wa Fizikia: Kamba, Jiwe na Daftari

Leo nataka kusema nanyi, hasa wanafunzi na waalimu wenzangu, juu ya vyombo vya kujifunzia fizikia. Mara nyingi mwanafunzi huniambia, "Mwalimu, shuleni kwetu hakuna maabara, tutajifunzaje?" Neno hilo lina haki yake, maana chumba chenye vyombo vizuri ni msaada mkubwa. Walakini aliyekosa jahazi hakatazwi kuvuka kwa mtumbwi. Chombo cha kwanza nitakachowaonyesha ni kile kile atumiacho mwashi kunyoshea ukuta, yaani timazi: uzi wenye kitu kizito mwishoni.

Twaa uzi mwembamba usiovutika, ufunge jiwe, ulitundike msumarini. Pima tangu msumari mpaka katikati ya jiwe, iwe meta 1 kamili. Livute jiwe kando kidogo, kama upana wa kiganja, uliachilie pasipo kulisukuma. Likienda na kurudi pale lilipoanzia, huo ni mwendo mmoja.

Sasa wataka kujua muda wa mwendo mmoja. Usipime mmoja, pima 20, kisha ugawanye. Kwa nini? Kwa sababu kidole hukawia kidogo kinapobonyeza saa. Ukipima mwendo mmoja, kosa lote ni la huo mmoja. Ukipima 20, kosa lile lile hugawanyika mara 20. Saa iliyomo katika simu ya mkononi yafaa kabisa kwa kazi hii. Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta utapata kama sekunde 40.2, yaani sekunde 2.01 kwa kila mwendo.

Kisha badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Funga jiwe zito zaidi, urefu usibadilike: muda ni ule ule. Fupiza urefu uwe sentimeta 25: muda utakuwa nusu ya ule wa kwanza. Basi, ukitaka muda uwe nusu, urefu sharti uwe robo. Hiyo ndiyo kanuni, nawe umeiona kwa macho yako kabla ya kuisoma.

Timazi hiyo hiyo yaweza kupima mvuto wa dunia. Zidisha urefu kwa 39.5, ugawanye kwa muda wa mwendo mmoja uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa hesabu yetu, 39.5 kwa 4.04 ni 9.78. Maana yake, kitu kiangukacho huongeza mwendo wake meta 9.78 kwa sekunde, kila sekunde ipitayo. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alichukua saa ya timazi iliyosahihishwa Paris mpaka Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta. Huko saa ikachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Wenye elimu wakatambua ya kuwa mvuto hapo ni mdogo kuliko Paris, na ya kuwa dunia si mviringo kamili, bali imetuna kidogo penye Ikweta.

Chombo cha pili ni daftari, na hapa sina budi kuungama kosa langu. Zamani niliwapa wanafunzi kazi hii ya timazi. Karibu wote waliniletea 9.8, nami nikawapa alama ya vema. Mmoja akaleta 9.3, nikamtia mkasi mwekundu. Akaja mezani pangu, akasema kwa adabu, "Mwalimu, ndivyo nilivyopata." Tukaitazama timazi yake pamoja. Alipima uzi mpaka kwenye fundo, sentimeta 95. Lakini jiwe lake lilikuwa kubwa, na katikati yake palikuwa sentimeta 5 chini ya fundo. Tuliposahihisha urefu, ikatoka 9.78. Nilipowauliza wale wengine hesabu zao za sekunde, wengi hawakuwa nazo: waliinakili jawabu kitabuni. Niliwapa sifa waliosema uongo, nikamwadhibu mwenye kusema kweli. Tangu siku hiyo nasahihisha kwanza vipimo, kisha jawabu. Nawe, mwanafunzi, andika ulichokiona kwa wino, wala usikifute kwa kuwa hakilingani na kitabu.

Mnajua habari za Erasto Mpemba wa Tanganyika. Mwaka 1963, alipokuwa mwanafunzi wa Magamba, alitia katika mtambo wa barafu maziwa yenye sukari yakiwa bado moto, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wenzake wakacheka, lakini Dakta akaijaribu habari hiyo, na mwaka 1969 wakaiandika pamoja. Hata leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo. Chombo cha Mpemba kilikuwa nini? Macho yake, na ujasiri wa kuuliza mara ya pili.

Vitabu navyo ni vyombo, tena bora. Siku hizi, penye mtandao, mihadhara ya Richard Feynman yasomwa bure, na Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kimetoa michezo ya PhET, ambayo ndani yake mna timazi ya kuchezewa katika kioo cha kompyuta. Itumie ukiipata. Lakini timazi ya kioo haina fundo la kukudanganya, kwa hiyo haiwezi kukufundisha kulitafuta kosa lako mwenyewe. Anza na uzi na jiwe.

Basi, jioni hii, kabla taa haijazimwa, tafuta msumari. Pima, hesabu, andika. Kwaherini.