Elimu Isiyo na Kufuli

Ndugu msomaji, wahenga walilonga kuwa elimu ni bahari. Lakini bahari ikizungushiwa ua, na langoni akasimama bawabu wa kudai ada, mvuvi maskini atavuaje?

Swali hili lilinijia likizo iliyopita. Chama chetu kilinipa jukumu la kuzungumzia tenzi za kale. Nikaenda maktaba, nikaketi mbele ya tarakilishi, nikaipata makala ya mtaalamu mmoja. Furaha iliyoje! Kumbe nilionyeshwa ukurasa wa kwanza tu. Kusoma zilizobaki ni dola 40. Lo! Mimi niliyehesabu hata nauli ya kurudi nyumbani? Nikatoka mikono mitupu.

Shule zilipofunguliwa nilimweleza Mwalimu, mlezi wa chama. Akacheka, akasema, "Keti nikueleze."

Msomi akimaliza utafiti huandika makala na kuipeleka kwa jarida. Mhariri huwapa wasomi wengine waikague, na ikipita huchapishwa. Kwa kawaida mwandishi halipwi kitu, wala wakaguzi hawalipwi. Hata hivyo, majarida mengi humtoza msomaji.

Basi wapo waliotafuta njia nyingine. Mwaka 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg, akiwa Los Alamos, Marekani, alianzisha hazina ya intaneti iitwayo arXiv. Msomi huweka humo makala yake hata kabla ya jarida kuikubali, na yeyote huisoma bure. Novemba 2002, Grigori Perelman wa Urusi aliweka humo sehemu ya kwanza ya jibu la swali la hisabati lililoulizwa na Henri Poincaré wa Ufaransa mwaka 1904. Hakulipeleka kwa jarida lolote. Wanahisabati wa nchi mbalimbali walilichambua kwa miaka kadhaa, wakakuta ni sahihi. Mwaka 2010 alitunukiwa dola 1,000,000, naye akazikataa!

Sisi wapenzi wa Kiswahili pia hatukusahauliwa. Jarida la Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, husomwa bure katika intaneti.

Lakini tusidanganyike, wenzangu. Makala kuwa wazi si kusema ni sahihi. Jibu la Perelman liliaminiwa baada ya kuchambuliwa, si kwa sababu lilikuwa bure. Kwa hiyo jiulize: nani kaandika? Nani kakagua? Ushahidi uko wapi? Tena ukichukua wazo la mtu, mtaje. Cha bure nacho kina mwenyewe.

Je, ukikuta kufuli ufanyeje? Kwanza, tafuta kichwa cha makala pamoja na jina la mwandishi. Huenda chuo chake kimeiweka nakala wazi. Ukikosa, mwandikie mwenyewe kwa adabu. Mimi nilimwandikia yule mtaalamu kupitia barua pepe ya Mwalimu. Siku ya tatu makala nzima ikafika, bila malipo, na maneno mawili: "Soma, mwanangu."

Machozi yalinilengalenga, sifichi. Hotuba niliitoa, kisha nikaibandika kwenye ubao wa chama. Kufikia Ijumaa wenzangu walikuwa wameniandikia makosa manne kwa kalamu nyekundu. Mawili nilikuwa nimeyatamka mbele ya shule nzima! Niliona haya, lakini sasa nayajua.

Nawe ulicho nacho kitoe, tukisome, tukikosoe. Kalamu naiweka chini.