Chanjo ya Ukimwi: Tukitoa damu, tutapewa nini?

WAKAZI wengi wa Nairobi huujua mtaa wa Majengo, kule Pumwani, kwa nyumba zake kuukuu na biashara zake ndogondogo. Ni wachache wanaofahamu kwamba jina la mtaa huo limetajwa mara nyingi katika maabara za Ulaya na Amerika, wanasayansi wanapojadiliana juu ya chanjo ya Ukimwi.

Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, wamekuwa wakiwapima na kuwatibu wanawake wa mtaa huo wanaojikimu kwa biashara ya ngono. Wengi wao waliambukizwa. Lakini wachache walikaa miaka na mikaka bila kuambukizwa, ingawa walikutana na virusi hivyo mara kwa mara. Damu yao ilipochunguzwa, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Oxford, walikuta ndani yake chembechembe za kinga zenye uwezo wa kutambua na kuangamiza seli zilizoingiliwa na virusi vya Ukimwi.

Hapo ndipo tumaini lilipozaliwa. Ikiwa mwili wa mwanamke wa Majengo umeweza kujifunza kazi hiyo, basi huenda chanjo ikaufunza mwili wa mtu mwingine pia. Chanjo iliyoitwa HIVA ikatengenezwa kwa kufuata aina A ya virusi, ambayo ndiyo imeenea zaidi hapa Kenya. Shirika la kimataifa la IAVI, lililoanzishwa mwaka wa 1996 ili kuharakisha utafutaji wa chanjo ya Ukimwi, lilitoa pesa. Kituo cha KAVI kikafunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mapema mwaka wa 2001 Wakenya wa kwanza waliojitolea wakadungwa.

Lakini hata kabla ya sindano hiyo kulizuka ugomvi. Mwaka wa 2000 ilijulikana hadharani kwamba hataza ya chanjo hiyo, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ilikuwa imeombwa Uingereza bila ya watafiti wa Kenya kutajwa. Damu ilitoka Majengo, madaktari waliowatunza wanawake hao walikuwa wa Nairobi, lakini mali iliandikishwa ng'ambo. Watafiti wetu walilalamika, na ndipo makubaliano yakarekebishwa ili Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kiwe na haki katika chanjo hiyo.

Mwaka wa 2004 majaribio yalionyesha kuwa HIVA haikuamsha kinga ya kutosha, na ikaachwa. Msomaji aweza kuuliza kulikuwa na haja gani ya kugombania kitu ambacho hakikufua dafu. Haja ilikuwepo. Mwenye hataza ndiye anayeamua ni kiwanda gani kitatengeneza, kwa kiasi gani, na kwa bei gani. Chanjo ikishafaulu thamani yake hupanda, na hakuna mwenye mali atakayeketi chini kugawana kwa hiari. Mambo hayo hupatanwa wakati ambapo hakuna ajuaye kama kazi itazaa matunda.

Tumekwisha kuona yanayotokea yasipopatanwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliruhusiwa Marekani mwaka wa 1981. Hapa Kenya ilianza kutolewa kwa watoto wote wachanga mwaka wa 2001, kwa msaada wa shirika la Gavi. Hiyo ni miaka 20, na ugonjwa huo huweza kuleta saratani ya ini. Juzi juzi tena, wakati wa Korona, Uingereza ilianza kuchanja watu wake Desemba 2020. Kenya ilipata dozi zake za kwanza, milioni 1 na kidogo, Machi 2021 kutoka kiwanda cha India. Mwezi huo huo India ikazuia chanjo kutoka nje kwa kuwa watu wake walikuwa wakizihitaji, na waliokuwa wamedungwa mara moja hapa kwetu wakawa wa kungoja.

IAVI ilijaribu kuziba mwanya huo. Katika mikataba yake na makampuni iliweka sharti kwamba anayepokea pesa zake lazima aifikishe chanjo katika nchi maskini kwa bei ya kadiri. Akishindwa, shirika lina haki ya kuipeleka kwa mtengenezaji mwingine. Ni sharti zuri, ila hufanya kazi pale tu ambapo anayelipa ndiye aliyeliweka.

Mfano mpya ni dawa ya lenacapavir, ambayo si chanjo bali ni sindano ya kinga inayodungwa kila miezi 6. Katika majaribio ya Uganda na Afrika Kusini, yaliyotangazwa mwaka wa 2024, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliodungwa aliyeambukizwa. Marekani iliiruhusu Juni 2025, bei ikiwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Kampuni ya Gilead imeruhusu viwanda 6 kutengeneza aina ya bei nafuu kwa ajili ya nchi 120, Kenya ikiwemo, na bei iliyotangazwa ni dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Hiyo ni habari njema kwetu. Lakini Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambazo raia wake walishiriki katika majaribio ya dawa hiyo hiyo, ziliachwa nje ya orodha.

Kwa upande wa chanjo yenyewe, safari imekuwa ya mabonde. Ile ya Thailand, mwaka wa 2009, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 31 tu. Majaribio makubwa yaliyofuata yalisimamishwa mwaka wa 2020, 2021 na 2023. Hata hivyo, Mei 2025 watafiti walitangaza kwamba chanjo ya kuandaa kinga, iliyojaribiwa kwa watu 18 nchini Rwanda na Afrika Kusini, ilifanya kazi iliyokusudiwa karibu kwa wote.

Mwaka huo huo pesa zikakatwa. Mradi wa BRILLIANT, ulioongozwa na Afrika Kusini kwa dola zaidi ya milioni 45 za Marekani ukihusisha nchi 8 za Afrika, uliamriwa kusimama Januari 2025 ukiwa karibu kuanza majaribio.

Sisi tuna sheria ya mwaka wa 2013 inayotaka asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti. Kiwango hicho hakijafikiwa, na asiyechangia hapewi nafasi ya kuandika masharti.

Anayejitolea kudungwa, naye, ana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi: ikifaulu, nitaipata? Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia linataka hilo lipangwe mapema. Lakini kifungu hicho chamhusu aliyeshiriki. Ya jirani yake wa Majengo yataamuliwa na mwenye hataza, na aliyemlipa.