Gemu Yenye Sifa Inapomvunja Mchezaji Moyo

Gemu ya video iliyosifiwa sana humvunja mchezaji moyo kwa njia mbili. Huenda ina kasoro ambazo sifa zimezifunika, au ni nzuri kweli ila haiendani na mashine, muda au mahali pa anayeicheza. Chanzo mara nyingi ni kimoja: aliyeisifu aliichezea katika hali isiyo ya mnunuzi.

Mfano unaojulikana zaidi ni Cyberpunk 2077 ya kampuni ya CD Projekt ya Poland. Ilitangazwa mwaka 2012, kisha kampuni hiyo ikajijengea jina zaidi kwa The Witcher 3 ya mwaka 2015. Mwaka 2019 mwigizaji Keanu Reeves alipanda jukwaani kuinadi. Baada ya kuahirishwa mara kadhaa, ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Wahakiki wa kwanza walikuwa wamepewa toleo la kompyuta pekee, wengi wakaimwagia sifa. Waliokuwa na PlayStation 4, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, walikuta mambo mengine: picha zilikwamakwama, watu na magari yalichelewa kuonekana, na mara nyingine gemu ilijizima yenyewe. Wiki moja baadaye Sony, inayotengeneza PlayStation, iliiondoa katika duka lake la mtandaoni na kuwarudishia wateja pesa. Hata hivyo, kufikia tarehe 20 Desemba zaidi ya nakala milioni 13 zilikuwa zimeuzwa.

Kwa mashabiki wa soka, pigo lililouma zaidi lilikuwa eFootball. Mwaka 2021 kampuni ya Konami ya Japani iliacha jina la Pro Evolution Soccer, maarufu kama PES, ikaahidi gemu mpya ya bure. Ilipotoka tarehe 30 Septemba mwaka huo, ilikuwa na timu tisa tu za kuchezea mechi za kawaida, na nyuso za baadhi ya wachezaji nyota zilikuwa zimepindapinda hadi zikageuzwa kichekesho duniani kote. Siku iliyofuata Konami iliomba radhi. Toleo lililorekebishwa kwa upana lilifika Aprili 2022. Hapa sifa hazikutoka kwa wahakiki bali kwa jina: PES ilikuwa imeaminiwa kwa miaka 20.

Njia ya pili huonekana wazi katika masoko kama Mayoni, katika eneo la Matungu, Kaunti ya Kakamega. Katika masoko ya aina hii, kijana asiye na mashine nyumbani huenda kwenye kibanda cha PlayStation. Analipia mechi, muda wa kila kipindi umepunguzwa hadi dakika chache, na nyuma yake wapo wanaosubiri zamu huku wakimzomea anayefungwa. Mahali hapo soka hutawala, kwa sababu mechi huisha haraka na huwakutanisha wawili. Ikiwekwa Red Dead Redemption 2, gemu ya mwaka 2018 iliyosifiwa kupita karibu zote za kizazi chake, mambo hubadilika. Ni hadithi ya mchezaji mmoja inayodai makumi ya saa, na sura yake ya kwanza ni safari ya polepole kwenye theluji. Pesa za mechi mbili zingeisha kabla farasi hajafika popote. Gemu haina kosa. Imetengenezewa mtu aliyetulia sebuleni kwake.

Si kila gemu iliyoangusha watu hubaki chini. Cyberpunk 2077 ilirudi katika duka la Sony Juni 2021, na masasisho makubwa ya Septemba 2023 yaliirudishia heshima. Lakini masasisho hayo makubwa yalilenga mashine mpya, si PlayStation 4, na hupakuliwa kwa intaneti. Mwenye mashine ya zamani au bando dogo huyakosa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, swali la kwanza si gemu imesifiwa kiasi gani, bali imesifiwa ikichezwa kwenye mashine gani. Video ya mtu anayeicheza kwenye mashine kama ya mnunuzi hufichua mengi kuliko tangazo. Kungoja wiki chache huzipa kasoro muda wa kujulikana. Diski nayo ina faida yake: isipopendeza huweza kuuzwa au kubadilishwa na nyingine, jambo lisilowezekana kwa gemu iliyopakuliwa.