Shinikizo la damu: Kabla ya kuondoa tezi, daktari sharti ajue ni ipi yenye kasoro

WAGONJWA wengi wa shinikizo la damu huelezwa na madaktari wao kwamba chanzo mahususi cha maradhi hayo hakijulikani, na kwamba watalazimika kumeza dawa maisha yao yote. Kwa walio wengi maelezo hayo ni sahihi.

Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao shinikizo lao lina chanzo kinachoweza kupimwa, na wakati mwingine kuondolewa kabisa. Chanzo hicho ni tezi mbili ndogo ziitwazo adrenali. Kila figo ina tezi moja juu yake, yenye uzito wa takriban gramu 4 hadi 5 tu.

Miongoni mwa homoni zinazotengenezwa na tezi hizo ni aldosteroni. Kazi yake ni kuziamuru figo zibakize chumvi mwilini na kutoa madini ya potasiamu kwa njia ya mkojo. Homoni hiyo inapozidi, chumvi na maji huongezeka katika damu, shinikizo hupanda na potasiamu huweza kushuka. Mgonjwa anaweza kuhisi uchovu, misuli kulegea au kukaza, na haja ndogo ya mara kwa mara usiku. Lakini wengi hawana dalili yoyote.

Daktari Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ndiye aliyeyaeleza maradhi hayo kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1950. Alimchunguza mwanamke mwenye umri wa miaka 34 aliyekuwa na shinikizo la juu na udhaifu wa misuli. Alipofanyiwa upasuaji, alikutwa na uvimbe katika tezi moja ya adrenali. Ulipoondolewa, afya yake ilitengemaa.

Kwa muda mrefu maradhi hayo yalidhaniwa kuwa nadra. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa asilimia 5 hadi 10 ya wagonjwa wa shinikizo wanaohudhuria kliniki za kawaida wanayo. Miongoni mwa wale ambao shinikizo halishuki hata wakitumia aina 3 za dawa, kiwango hicho huweza kufikia asilimia 20.

Jambo hili si dogo. Aldosteroni iliyozidi huudhuru moyo, mishipa ya damu na figo moja kwa moja. Mgonjwa wa aina hii yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kuliko mwenzake mwenye shinikizo la kiwango kile kile litokanalo na sababu za kawaida.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni rahisi. Ni kipimo cha damu kinacholinganisha aldosteroni na kemikali nyingine iitwayo renini, ambayo hutoka kwenye figo. Aldosteroni ikiwa juu huku renini ikiwa chini sana, daktari hupata sababu ya kushuku tezi hizo, na mara nyingi huagiza vipimo vingine vya kuthibitisha.

Swali gumu hufuata baada ya hapo: je, ni tezi moja inayozidisha homoni, au ni zote mbili?

Matibabu yote hutegemea jibu la swali hilo. Ikiwa ni tezi moja, yaweza kuondolewa kwa upasuaji wa matundu madogo, na ile iliyobaki hutosheleza mahitaji ya mwili. Ikiwa ni zote mbili, kuondoa moja hakutamaliza tatizo, na mgonjwa hupewa dawa zinazozuia kazi ya aldosteroni, kama vile spironolaktoni.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini picha ya CT scan isitoe jibu? Sababu ni kwamba picha huonyesha umbo la tezi, haionyeshi kazi yake. Vivimbe visivyo na madhara huonekana mara nyingi katika tezi hizo, hasa kwa watu wenye umri mkubwa. Kwa upande mwingine, kivimbe kinachomwaga homoni kwa wingi chaweza kuwa kidogo mno kiasi cha kutoonekana.

Uchambuzi wa tafiti 38 zilizohusisha wagonjwa 950, uliochapishwa mwaka 2009, ulibaini kwamba majibu ya picha na yale ya damu iliyochotwa kwenye tezi zenyewe hayakukubaliana kwa karibu asilimia 38 ya wagonjwa. Kwa kutegemea picha pekee, baadhi yao wangeondolewa tezi isiyo na kasoro, na wengine wangenyimwa upasuaji ambao ungewafaa.

Ndiyo maana madaktari hutumia katheta, yaani mpira mwembamba na mrefu unaopitishwa ndani ya mishipa ya damu. Njia hii imekuwa ikitumika kwa maradhi haya tangu miaka ya 1960.

Mgonjwa hulazwa chali, hupigwa sindano ya ganzi kwenye kinena, kisha daktari bingwa wa radiolojia huingiza katheta katika vena kubwa ya paja. Akiongozwa na picha za eksirei, huipandisha hadi kwenye vena inayotoa damu katika kila tezi. Hapo huchota damu kidogo upande wa kulia na kushoto, na nyingine kutoka sehemu ya mbali na tezi kwa ajili ya kulinganisha.

Kazi hiyo yahitaji mkono uliozoea. Vena ya tezi ya kushoto huungana na vena ya figo, hivyo huwa rahisi kufikiwa. Ile ya kulia ni nyembamba na fupi mno, nayo huingia moja kwa moja katika vena kuu ya tumbo. Hapo ndipo majaribio mengi hushindikana.

Ili kuhakikisha kuwa damu imechotwa mahali panapostahili, maabara hupima pia kortisoli, homoni nyingine ya tezi hizo. Ikiwa kortisoli haiko juu zaidi kwa kiwango cha kutosha kuliko ile ya damu ya mbali, basi katheta haikufika, na majibu hayafai kutumika.

Kisha aldosteroni ya kila upande hugawanywa kwa kortisoli ya upande huo. Tuchukulie mfano: upande wa kulia una aldosteroni 6,000 na kortisoli 600, jibu ni 10. Wa kushoto una 1,000 na 500, jibu ni 2. Kulia kumezidi kushoto mara 5. Vituo vingi hukubali kuwa tezi moja ndiyo yenye kasoro tofauti inapozidi mara 4, ikiwa mgonjwa alipewa dawa ya kuzichochea tezi wakati wa kipimo.

Je, kuna hatari? Ndiyo, ingawa ni ndogo. Vena ya tezi yaweza kupasuka, lakini katika takwimu za vituo vikubwa vya nchi mbalimbali zilizochapishwa mwaka 2012, hilo lilitokea kwa chini ya asilimia 1 ya waliopimwa.

Aidha, si kila mgonjwa anahitaji kipimo hiki. Kijana aliye chini ya miaka 35, mwenye potasiamu ya chini, aldosteroni ya juu sana na uvimbe ulio wazi katika tezi moja, anaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji. Asiyetaka au asiyeweza kufanyiwa upasuaji hana sababu ya kupimwa, kwani atatibiwa kwa dawa.

Upasuaji nao usitarajiwe kufanya miujiza. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa homoni ilirejea katika hali ya kawaida kwa asilimia 94 ya waliofanyiwa upasuaji, lakini ni asilimia 37 tu walioachana na dawa za shinikizo kabisa. Wengine wengi walipata nafuu na kupunguziwa dawa. Shinikizo lililodumu miaka mingi huacha athari katika mishipa, na hiyo ni sababu ya kutochelewa kupima.

Mwongozo wa chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, uliotolewa mwaka 2025, unapendekeza kila mwenye shinikizo la juu afanyiwe kipimo cha damu cha maradhi haya. Pale ambapo hilo haliwezekani, wanaostahili kutangulizwa ni wale ambao shinikizo halishuki kwa dawa 3, wenye potasiamu ya chini, wenye uvimbe katika tezi ya adrenali, na wenye ndugu wa karibu waliopata kiharusi kabla ya miaka 40.

Aliye katika kundi hilo amuulize daktari wake kuhusu kipimo cha aldosteroni na renini. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe ili akapime. Baadhi ya dawa huathiri majibu, lakini ni daktari anayepaswa kuamua ipi isimamishwe, lini, na itumike ipi badala yake.